Mwanahisa wa Vipingo: Gawio dogo juu ya ardhi kubwa

KWA karibu miaka 20, kampuni ya Rea Vipingo Plantations iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, NSE, kwenye kundi la kampuni za kilimo pamoja na Kakuzi, Sasini, Limuru Tea, Kapchorua, Williamson Tea na Eaagads. Jina lake lilitokana na shamba la mkonge lililoko Vipingo, katika barabara kuu ya kutoka Mombasa kuelekea Kilifi na Malindi.

Hisa hiyo haikuwa na mbwembwe. Wachambuzi wengi walishughulika na benki, kampuni za simu na viwanda vya saruji. Mwenye hisa za Vipingo alingoja taarifa ya mwaka, akaangalia kama kuna mgao wa faida, kisha akalitia daftari lake kabatini.

Mnamo Novemba 2013 hali ilibadilika ghafla. Mwanahisa mkuu alitangaza kwamba alitaka kuzinunua hisa zote za wenzake kwa Sh40 kila moja, ilhali sokoni zilikuwa zikiuzwa chini ya Sh30. Mvutano ulipomalizika, mwanahisa huyo huyo alikuwa amekubali kulipa Sh85. Mwaka 2015 kampuni iliondoka sokoni.

Majani ya mkonge hayakuwa yameongezeka maradufu katika kipindi hicho. Kilichobadilika ni kwamba watu walianza kuhesabu thamani ya ardhi. Kisa hiki kinamfaa kila mwenye hisa katika kampuni ndogo, kwa kuwa kinaonyesha gawio linaweza kumweleza mwanahisa mambo gani, na ni yapi lisiyoweza kumweleza kamwe.

Kampuni na mashamba yake

Mkonge si mmea wa asili wa Afrika Mashariki. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai katika eneo la Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo kulizuka mashamba yaliyoenea pwani yote, kutoka Tanga hadi Kilifi, na bara pia.

Zao hilo lilipata bei nzuri baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tangu miaka ya 1960, kamba za plastiki ziliporomosha soko la katani na mashamba mengi yakageuka vichaka. Yaliyosalimika ni yale yaliyokuwa makubwa, yenye mitambo yake na wateja wa kudumu.

Rea Vipingo ilikuwa mojawapo ya hayo. Mbali na shamba la Vipingo, ilimiliki shamba la Dwa karibu na Kibwezi, katika eneo la Makueni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilivuka mpaka na kununua mashamba ya Amboni mkoani Tanga, Tanzania, pamoja na kiwanda cha kusokota nyuzi. Mwaka wake wa fedha ulifungwa Septemba 30.

Mtaji wake ulikuwa hisa milioni 60, kila moja ikiwa na thamani ya msingi ya Sh5. Takriban asilimia 57 ya hisa hizo zilishikiliwa na REA Trading, kampuni iliyohusishwa na familia ya Robinow ya Uingereza. Asilimia 43 iliyosalia, yaani karibu hisa milioni 25.8, iligawanyika miongoni mwa taasisi na wananchi wa kawaida.

Gawio hutoka wapi

Gawio, au mgao wa faida, ni sehemu ya faida ambayo kampuni huamua kuwapa wanahisa wake badala ya kuibakiza katika biashara. Sheria za Kenya, ile ya zamani na ile ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake, zinakubaliana katika jambo moja la msingi: gawio hulipwa kutokana na faida, wala si kutokana na mtaji.

Utaratibu wake ni huu. Bodi ya wakurugenzi hutazama hesabu za mwaka na kupendekeza kiwango kwa kila hisa. Tarehe ya kufungwa kwa daftari hutangazwa, na jina lisilokuwamo siku hiyo halipati kitu hata kama mwenyewe atanunua hisa kesho yake. Kisha mkutano mkuu wa mwaka huidhinisha.

Kwa kawaida wanahisa wanaweza kukataa au kupunguza kiwango kilichopendekezwa, lakini hawawezi kukiongeza. Hapo ndipo wengi hupotoka. Mwanahisa anayesimama mkutanoni na kudai mgao mkubwa zaidi anaweza kushangiliwa na ukumbi mzima, na bado asiweze kubadilisha hata senti moja.

Gawio likishaidhinishwa, huwa deni la kampuni kwa mwanahisa. Kodi hukatwa kabla ya malipo. Kwa mkazi wa Kenya, kiwango ni asilimia tano na kodi hiyo huwa ya mwisho, maana yake hatozwi tena juu ya mapato hayo.

Kwa kampuni yenye hisa milioni 60, hesabu ni rahisi. Kila shilingi moja ya gawio ingehitaji Sh60 milioni taslimu. Kati ya hizo, Sh34.2 milioni zingekwenda kwa mwanahisa mkuu na Sh25.8 milioni kwa wengine wote. Mwenye hisa 1,000 angepata Sh1,000, na Sh950 baada ya kodi.

Kwa nini mgao wa mkonge hautulii

Kampuni ya kunadi simu au bia hupata mauzo kila siku. Shamba la mkonge halina bahati hiyo. Mche hukaa takriban miaka mitatu ardhini kabla ya kukatwa majani kwa mara ya kwanza, kisha huvunwa kwa miaka kadhaa hadi utoe mlingoti na kufa. Anayeacha kupanda leo ili agawe fedha nyingi atakosa majani baadaye.

Tena jani ni zito lakini katani yake ni kidogo. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi kavu huwa kilo nne hivi. Zilizobaki ni maji na machicha. Majani hayo yote lazima yakatwe kwa mkono, yasombwe kwa matrekta hadi kwenye mashine, yachakatwe, nyuzi zianikwe na kufungwa robota. Mafuta yakipanda bei, umeme ukipanda, au mishahara ikiongezwa, faida hupungua kabla robota halijafika bandarini Mombasa.

Mapato nayo huja kwa dola. Katani huuzwa ng'ambo, na kwa Rea Vipingo sehemu kubwa ya biashara hiyo ilipitia Wigglesworth & Company ya London, iliyohusiana na mwanahisa mkuu. Uhusiano wa namna hiyo si kosa, bali sharti uelezwe katika taarifa za hesabu. Mwanahisa makini husoma ukurasa huo kabla ya kusoma ule wa gawio.

Shilingi ikiimarika, mapato ya dola hupungua yakibadilishwa huku gharama za Vipingo na Kibwezi zikibaki zilezile. Mvua zikikosekana, majani hukua polepole. Ndiyo maana bodi ya kampuni ya namna hii hupendelea sera ya tahadhari: kugawa panapokuwa na ziada, kupunguza au kuacha kabisa panapokuwa na ukame au bei mbaya, na kutanguliza upandaji upya na mitambo.

Kampuni nyingine huahidi kugawa asilimia fulani ya faida kila mwaka. Ahadi hiyo huwafurahisha wanahisa, lakini kwa mkulima ni hatari, kwa kuwa mwaka wa faida kubwa aghalabu ndio unaopaswa kuwekea akiba mwaka wa njaa.

Faida ya karatasini

Kuna sababu nyingine iliyowatatiza wanahisa wengi wa mashamba. Kuanzia mwaka 2003, kanuni ya kimataifa ya hesabu za kilimo ilizitaka kampuni kuikadiria mimea yake upya kila mwaka kwa thamani ya wakati huo, na kuingiza mabadiliko hayo katika faida au hasara.

Hivyo, mkonge uliokuwa shambani uliweza "kuongezeka thamani" kwa mamilioni kwa sababu tu bei ya katani ilitarajiwa kupanda. Faida iliyotangazwa ilionekana nono. Hata hivyo, hakuna robota lililouzwa wala hundi iliyopokewa. Huwezi kumlipa mwanahisa kwa majani ambayo bado yamesimama shambani.

Bodi makini ilitenga ongezeko hilo kando na faida inayoweza kugawanywa. Mwanahisa asiyefahamu alilinganisha faida kubwa na mgao mdogo akahisi amepunjwa. Aliyefahamu alisoma taarifa ya mtiririko wa fedha, inayoonyesha fedha zilizoingia na kutoka kwa hakika. Kanuni hiyo ilirekebishwa kuanzia 2016 kwa mimea inayovunwa miaka mingi, lakini wakati huo Rea Vipingo ilikuwa imekwisha kuondoka sokoni.

Vuta nikuvute ya 2013 hadi 2015

Ofa ya kwanza ya REA Trading, ya Sh40, ilikuwa juu ya bei ya soko. Kwa mtu aliyezoea kupima hisa yake kwa gawio, ilikuwa neema. Hisa zote milioni 25.8 za wengine zingegharimu takriban Sh1.03 bilioni.

Siku chache baadaye, kampuni ya uwekezaji ya Centum, nayo ikiwa imeorodheshwa NSE, ilijitokeza na ofa ya Sh50. Mshindani wa tatu, Bid Management Consultancy, naye akajitosa. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ikalazimika kusimamia mashindano ambayo hayakuwa ya kawaida katika soko letu, na biashara ya hisa hizo ikasimamishwa.

Kila mmoja alipanda dau. Mvutano ulidumu zaidi ya mwaka mmoja. Hatimaye REA Trading na Centum zilifikia maafikiano: REA Trading ingelipa Sh85 kwa hisa na kuendelea na biashara ya mkonge, Centum ingejiondoa kwenye mashindano, na ardhi ya Vipingo ingeuzwa kwa Centum. Ardhi hiyo ilikuwa ekari 10,254.

Hebu tupige hesabu. Hisa milioni 60 zikiuzwa chini ya Sh30 zilimaanisha kwamba soko liliithamini kampuni nzima kwa chini ya Sh1.8 bilioni. Tukichukulia kwamba Dwa, Tanga, viwanda na matrekta havikuwa na thamani yoyote, na kuiweka thamani yote juu ya ardhi ya Vipingo peke yake, kila ekari ingekuwa chini ya Sh176,000. Hiyo ni ardhi iliyo karibu na bahari, kando ya barabara kuu, mwendo wa kilomita 30 na ushei kutoka Mombasa, ambako mji ulikuwa tayari umefika Mtwapa na jirani yake palikuwa na uwanja wa gofu wa Vipingo Ridge.

Kwa Sh85, kampuni nzima ilithaminiwa kwa Sh5.1 bilioni. Mwenye hisa 1,000 alipata Sh85,000 badala ya Sh40,000. Tofauti ya Sh45,000 ni sawa na gawio la shilingi moja kwa hisa kila mwaka kwa miaka 45, kabla ya kodi.

Gawio halikusema uongo katika miaka yote hiyo. Lilipima kile lilichoweza kupima, yaani ziada iliyotokana na kukata majani na kuuza nyuzi. Thamani ya ardhi kama mahali pa kujenga mji haikuzaa shilingi hata moja ya faida maadamu mkonge ulibaki umesimama juu yake. Ilingoja mnunuzi.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Aliyelipwa Sh85 aliagana na shamba hilo moja kwa moja. Centum ilipoanza kugawa viwanja na kujenga nyumba Vipingo, faida au hasara ya kazi hiyo haikumhusu tena mwanahisa wa zamani wa mkonge.

Ardhi ina wenyewe

Katika Kilifi, neno ardhi halitamkwi kwa wepesi. Sheria ya Hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani kudai na kusajili mashamba yao. Wamijikenda wengi hawakusajiliwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Kutoka hapo kulizaliwa tatizo la maskwota ambalo limedumu hadi baada ya uhuru, pembezoni mwa mashamba makubwa yakiwamo ya mkonge.

Katiba ya 2010 nayo iliweka mpaka mpya. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa na raia wote kwa ukamilifu. Kwa kampuni ya kilimo yenye mwanahisa mkuu wa kigeni, jambo hilo linagusa thamani ya mali yenyewe.

Kwa hiyo, anayenunua hisa ya kampuni yenye shamba pwani ananunua pia historia ya shamba hilo: muda uliosalia katika mkataba, madai ya majirani, na mipango ya serikali ya kaunti. Mambo hayo hayaonekani katika tangazo la gawio, lakini yanaweza kupandisha au kushusha mali yote.

Mfano wa upande mwingine

Kaunti hiyohiyo ina mfano ulio kinyume. Kampuni ya saruji ya ARM, iliyoitwa awali Athi River Mining, iliorodheshwa NSE mwaka 1997 na ilikuwa na kiwanda Kaloleni. Ilisifiwa kwa ukuaji wake, ikakopa fedha nyingi na kujipanua hadi Tanga.

Agosti 2018 iliwekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Mali yake ya Kenya ilinunuliwa na National Cement mwaka 2019 kwa dola milioni 50. Katika hali kama hiyo wanaolipwa kwanza ni wanaodai, na mwanahisa husimama mwisho wa foleni.

Wanahisa wa Vipingo walikuwa na mali ambayo gawio halikuionyesha. Wale wa ARM walikuwa na deni ambalo magawio ya miaka ya nyuma hayakulionyesha. Majibu yote mawili yalikuwamo katika kurasa za mizania.

Ya kuulizwa na mwanahisa mdogo

Mwenye hisa katika kampuni ndogo anaweza kujilinda kwa kujiuliza mambo machache kila taarifa ya mwaka inapotoka.

Kwanza, je, gawio lililipwa kutokana na fedha zilizoingia mwaka huo, au kampuni ilikopa ili iwalipe wanahisa? Jibu limo katika taarifa ya mtiririko wa fedha.

Pili, kampuni inamiliki nini, na imekadiriwa lini? Ardhi iliyokadiriwa kwa matumizi ya kilimo zamani inaweza kuwa na bei tofauti kabisa leo.

Tatu, ni nani mwenye wingi wa hisa, na anafanya biashara gani na kampuni hiyo? Mwenye zaidi ya nusu ndiye anayewachagua wakurugenzi, na wakurugenzi ndio wanaopendekeza gawio.

Nne, ofa ya kununua hisa ikija, ni nani anayeitoa? Anapokuwa mtu anayeijua kampuni kuliko wewe, usitazame tu kama bei yake inazidi ya soko. Uliza kwa nini anaitaka. Kanuni zinamtaka mnunuzi kutoa maelezo kwa maandishi, na bodi kumpata mshauri huru wa kuwaeleza wanahisa kama bei hiyo ni ya haki. Waliotia saini fomu bila kusoma waraka huo waliuza ushauri pamoja na hisa.

Tano, kumbukumbu zako ziko wapi? Katika familia nyingi za pwani, hati za hisa za wazazi zimo sandukuni na anwani ya posta ilikwisha kufungwa. Magawio yasiyodaiwa, pamoja na malipo ya hisa zilizonunuliwa, hupelekwa baada ya muda uliowekwa na sheria kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mwenyewe au mrithi wake bado anaweza kuzidai huko, mradi awe na stakabadhi na, kwa mirathi, hati za mahakama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanahisa aliyelifungua daftari lake mwaka 2013 na kuhesabu ekari pamoja na magawio alijua kwamba Sh40 haikuwa bei ya mwisho.